Mahali Mkono Unaposimama

Ukishika ubao kwa mara ya kwanza, mwanangu, usiuangalie. Funga macho. Weka kiganja juu yake, legeza vidole, kisha kipitishe polepole kufuata nyuzi za mbao, kama unavyompapasa mtoto anayekaribia kulala. Jicho lina haraka na linapenda kufurahishwa. Likiona mng'ao linaridhika na kwenda zake. Kiganja hakidanganyiki kirahisi. Kitakwenda, kitakwenda, halafu mahali fulani kitasimama chenyewe. Kazi yako iko hapo.

Hayo nilifundishwa mtaani Keko na Mzee Chilumba, fundi wa kung'arisha samani, nami nikayafundisha kwa wengi kabla mgongo haujaniketisha nyumbani. Lakini kwa nini mkono unasimama, na ufanye nini unaposimama, hilo nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Aliyenielewesha ni mama mmoja wa Kijapani, mchoraji, ambaye hakuwahi kutengeneza hata stuli maishani mwake. Nisingemjua, kuna kaka na dada wa Temeke ambao pengine leo wasingekuwa wanasalimiana, kwa sababu ya meza iliyopita katika banda letu. Nitawafikisha kwenye hiyo meza. Msinikimbize tu. Kumbukumbu zangu siku hizi ni kama vumbi la mbao: zinaelea kwanza, kutua baadaye.

Banda lenyewe mnalijua lilivyo, maana mengi bado yako vile vile. Vitanda na makabati mbele, karibu yaguse lami, maseremala katikati, sisi wa msasa na vanishi nyuma kabisa, ili vumbi letu lisiwakere wateja. Alasiri jua lilipita kwenye matundu ya mabati, na kila mshale wa mwanga ulijaa vumbi la mninga, jekundu kidogo, likipanda na kushuka bila haraka yoyote. Mimi nikikaa pale nikisugua, ile sauti ya shuu, shuu, shuu ilinichukua. Sikuwa nimelala, wala sikuwa macho sawasawa. Mara nyingi niliuona uwanja wa bibi yangu kule Masasi, umefagiliwa alfajiri, mistari ya ufagio imelala juu ya mchanga na hakuna aliyeikanyaga bado.

Mzee Chilumba alikuwa akinigusa bega. "Mama Agnesi, rudi. Umefika wapi?"

"Masasi, mzee."

"Haya, wasalimie. Ila mkono wako umeanza kwenda kinyume na nyuzi."

Kweli nikiangalia, naona mikwaruzo ya kukatiza. Kwa hiyo ndoto si dhambi katika kazi hii, ila ota ukifuata nyuzi.

Mzee huyo alikuwa na leso moja nyepesi ya hariri, zawadi ya mteja wa zamani. Ukisema umemaliza, anaiweka kwenye ubao na kuivuta kwa kidole kimoja. Ikinasa hata uzi, unarudia. Siku moja nilichoka kurudia, nikaupaka ubao mshumaa mwembamba mwembamba. Leso ikateleza kama maji. Mzee akatabasamu, akainama, akaulamba ubao mbele ya watu wote. "Mshumaa," akasema. "Na wa bei rahisi." Banda zima likaniita Mama Mshumaa mpaka Pasaka.

Basi kwetu sifa ilikuwa moja: kioo. Mteja ajione meno kwenye mlango wa kabati lake. Anza na msasa mkali, shuka kwenye wa kati, malizia na laini. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mbao ikinywa maji, vinyweleo vyake husimama kama vya mtu aliyeona baridi. Iache ikauke, uvikate tena. Ndipo uzibe vitundu, ndipo upake vanishi. Anayeruka hatua ya kitambaa namjua hata leo kwa kugusa tu.

Na tulikuwa na desturi nyingine, hii mnaijua, msinicheke: kuvua koti. Mteja akileta samani ya zamani, kabla hajafika mbali tunashusha msasa mahali panapoonekana, tunaondoa vanishi ya zamani. Hapo hata akisikia banda la jirani wanafanya haraka zaidi, haondoki. Nani atabeba kabati lililo nusu uchi kukatiza nalo Keko nzima? Mafundi wa simu wanafungua simu yako kabla hujakubaliana nao. Sisi tulivua koti. Mzee Chilumba alinifundisha mimi, na mimi nikamfundisha Dulla, fundi mwenzangu, mtu mzima mwenye familia na mdomo usiopumzika. Ikumbukeni desturi hiyo.

Bi Sachiko alikuja kwetu mchana mmoja amevaa kofia ya ukili. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analiweka chini kama sahani.

Dulla akawahi. "Mchina huyo! Karibu sista, makabati ya ukweli yako huku!"

"Mimi si Mchina. Mimi Mjapani. Shikamoo."

Banda likaangua kicheko. Nikamwambia, "Mama, huyu kijana ndiye anayetakiwa kukuamkia wewe."

"Najua kidogo," akasema. "Naanza na wote, halafu napunguza."

Nikampenda hapo hapo. Akaeleza kwamba ni mchoraji, amepanga Mbweni, anataka mbao pana za kuchorea badala ya turubai. Nikamletea ubao niliokuwa nimetoka kuumaliza, kioo cha vioo. Akauwekea kiganja, akafumba macho. Nikashtuka, kwa sababu alifanya kama sisi. Mkono ukapita, ukapita, ukatoka upande wa pili.

"Nzuri sana," akasema kwa huzuni. "Mkono wangu unaanguka."

"Unaanguka?"

"Hakuna pa kusimama. Naomba ubao ambao mkono unasimama."

Alipoondoka tukakaa kikao. Dulla akasema, "Mama, huyu anataka kasoro. Kasoro si tunazo? Kazi ndogo." Tukachukua mbao safi, tukazitandika nyundo, tukazichapa kwa mnyororo, tukazichoma kwa chuma cha moto, pembe moja tukaitafuna kwa msumeno. Tulicheka siku nzima. Kuharibu kuna raha yake ukiwa umezoea kutengeneza.

Bi Sachiko aliporudi akapitisha mkono, na mkono ulisimama kila mahali. Lakini alitikisa kichwa. "Hizi zimepigwa tu."

"Si ulitaka kasoro, mama?" Dulla akauliza.

Akaweka kidole kwenye alama ya nyundo. "Kosa la kuiga halina mtu ndani."

"Mbao ikiwa na mtu ndani," Dulla akasema, "sie tunaita mganga, hatupaki vanishi."

Hata yeye alicheka. Kisha akazunguka banda, akashikashika hiki na kile, mpaka akafika kwenye benchi letu la kazi. Ule ubao wa juu ulikuwa umekaa pale tangu enzi za Mzee Chilumba: matone ya vanishi ya kila rangi, mikato ya visu, shimo dogo pale mzee alipozoea kukung'uta kiko chake. Kiganja cha Bi Sachiko kikaenda kidogo, kikasimama. Kikaenda, kikasimama. Nikaona uso wake umelegea kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Huu," akasema.

"Hilo ni benchi letu!"

Mzee Chilumba, ambaye siku hizo alikuwa anakuja kukaa tu na kukosoa, akapunga mkono. "Mpeni. Wapeni wote wanaotaka benchi. Kioo kitabaki kwetu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda Mbweni. Bi Sachiko aliniomba nimsaidie kupiga msasa, kwa kuwa mabega yake yalikuwa mabovu kuliko yangu. Alikuwa amepanga nyumba nzuri yenye pagale uani, chumba kimoja kikubwa ambacho mwenye nyumba hakukimalizia. Yule baba kila akipita aliomba radhi: "Mama, wiki ijayo naleta fundi, tunapiga lipu hizi kuta." Na Bi Sachiko kila mara alishika kifua: "Tafadhali usipige. Nakuomba." Yule baba aliamini ni adabu ya Kijapani, mgeni anakataa kusumbua watu. Kumbe alikuwa anasema kweli kabisa. Alizipenda zile tofali tupu, zile alama za mwiko kwenye udongo wa saruji, mahali fundi alipochoka na mahali alipopata nguvu tena.

Ndani ya pagale lile saa zilikwenda kwa mwendo mwingine. Upepo wa bahari uliingia kwenye madirisha yasiyo na fremu. Bi Sachiko alichanganya chokaa na gundi, akatia mchanga uliochekechwa, mara nyingine mkaa uliosagwa, akaupaka ubao tabaka moja na kungoja. Likikauka, jingine. Ubao ulikuwa ukizama mbele ya macho yangu chini ya weupe, kama kitu kinachosahaulika. Kisha alinipa msasa, na mimi nilisugua taratibu mpaka rangi ya chini ianze kurudi: tone la vanishi la Keko, ukingo wa mkato, kile kishimo cha kiko cha mzee.

"Nafunika," aliniambia, "halafu nakumbuka."

Nilimuuliza kile ambacho nanyi mngeuliza. "Bi Sachiko, sasa hii ni picha ya nini? Sioni mtu, sioni nyumba, hata kuku simwoni."

"Ukisikia mvua kwenye bati, unauliza ni mvua ya nini?"

"Hapana. Nasikiliza tu. Au naanua nguo."

"Basi," akasema, "sikiliza, au anua nguo."

Nikamsimulia ule uwanja wa bibi yangu, mistari ya ufagio kwenye mchanga. Aliacha kazi, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hata kwao wapo wanaofagia mistari na kuiangalia tu. Akauliza kama mistari ya bibi ilinyooka. Nikasema hapana, bibi alikuwa na goti bovu, kila alipofika kwenye mwembe, samahani, kwenye mpapai, mstari ulipinda, maana hapo ndipo alipobadilisha mguu. Bi Sachiko akarudia polepole, "Hapo ndipo alipobadilisha mguu." Siku hiyo hakufanya kazi tena.

Siku nyingine mvua ilishuka ghafla, bati likavuja, maji yakadondoka katikati ya ubao ambao ulikuwa haujakauka. Nikarukia kitambaa. Akanishika kifundo cha mkono. Tukasimama tukiangalia maji yanavyojikatia njia kwenye chokaa, yakatengeneza kitu kama kisiwa, chenye ufukwe wake na vijito vyake. Niliumia. Kwetu huo ulikuwa ubao uliokufa.

"Sikuyaita," akasema. "Lakini mgeni akija bila taarifa, kwenu mnafanya nini?"

"Tunamtafutia kiti."

"Basi tumtafutie kiti."

Alifanya kazi kuzunguka kile kisiwa kwa muda mrefu sana, hakukifuta na hakukiongezea kitu.

Lakini hapa msikilize vizuri, vijana, kwa maana mtu mvivu akisikia habari hizi anashangilia. Nilimuuliza, "Kwa hiyo kila kosa ni zuri?" Alinipeleka nyuma ya pagale, akanionyesha lundo la mbao alizozikataa, zimeegemezwa ukutani kama watoto waliopewa adhabu. "Hizi ni uvivu," akasema. "Uvivu nao una alama zake." Nilimwona akirudia mstari mmoja mpaka vidole vikatetemeka. Kwa jinsi nilivyomwelewa, kasoro anayoiheshimu ni ile inayobaki baada ya wewe kutoa nguvu zako zote. Hapo mbao, au maji, au goti bovu, vinakuwa vimesema neno lao. Ukiacha kazi nusu, hakuna aliyesema neno. Umenyamaza tu. Kwa hiyo usinitajie Bi Sachiko kutetea droo isiyofunga.

Sasa meza.

Siku hiyo Bi Sachiko alikuwa amekuja Keko kuchukua mbao zake, amekaa pembeni akingoja gari. Mteja mmoja, Bwana Seif, akashusha meza kutoka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Ni mtu wa familia ya zamani ya wenye maduka Temeke, baba zao walitoka Uarabuni vizazi vingi nyuma. Meza yenyewe ilikuwa ya mninga, ndefu, nzito, ya jikoni. Uso wake ulijaa maisha: duara jeusi la chungu cha moto, mikato ya visu iliyopandana, na upande mmoja bonde pana lisiloonekana kwa jicho ila kwa kiganja, pale mtu alipokandia unga miaka na miaka.

"Mama, kuna wageni wanakuja kumposa binti yangu," akasema. "Nataka ing'ae. Ifute yote hiyo. Mtu ajione meno."

"Ondoa shaka, baba. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Akaondoka. Mimi nikaingia ndani kumtafutia Bi Sachiko kamba ya kufungia mbao. Na Dulla, kama nilivyomfundisha, akawasha mashine ya msasa na kuvua koti. Mashine haina subira ya mkono. Niliporudi na kamba, nusu ya meza ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu, mpya, laini, na Dulla amesimama kando yake, mweupe kwa vumbi kama mchuuzi wa unga. "Huyo haondoki tena," akasema kwa fahari.

Hatujakaa, bajaji ikasimama. Akashuka mwanamke mwenye baibui, anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Nasra. Kaka yangu Seif kaleta meza hapa? Naomba msiiguse, mie sikujua, nimeambiwa sasa hivi na..."

Akaiona.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka kiganja kwenye upande uliosuguliwa, akaanza kukipitisha, akatafuta, akarudi, akatafuta tena. Mkono wake ulikuwa unaanguka. Niliutambua mwanguko ule. Nilikuwa nimeuona siku ya kwanza ya kofia ya ukili.

"Hapa," akasema, "palikuwa na bonde. Mama alikuwa anakandia hapa. Nikitoka shule, ananiambia niweke kiwiko changu humo nione kama nimekua."

Akatoa simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Seif. Mama tulimwosha mara moja. Leo wewe umemwosha tena."

Mafundi wote wakaweka zana chini. Hata mashine za jirani nilizisikia kama ziko mtaa mwingine.

Bwana Seif hakuwa mbali, akarudi. Wakasimama pande mbili za meza.

"Nasra, usiniaibishe mbele za watu. Wageni watakula kwenye meza iliyoungua?"

"Wewe umekula hapo maisha yako yote!"

"Ndiyo! Ndiyo maana!" Akapiga ubao kwa kiganja. "Wewe umeolewa, unakuja Ijumaa, unaigusa, unalia, unaenda zako. Mie ndo nakaa nayo. Kila asubuhi namwona pale. Tangu amefariki sijakaa kwenye meza hii nikameza tonge. Nataka iwe meza nyingine, basi."

"Basi ichukue. Ichukue yote, mie sina meza, sina kaka."

Akakaa juu ya rundo la mbao na kujifunika uso.

Dulla alikuwa ameumia kuliko mtu yeyote. Akachuchumaa mbele yake. "Sista, nisikilize. Sie hapa tunaweza kila kitu. Nakuchongea bonde jingine pale pale, nakuchomea duara, nakupigia vijikato. Hutajua tofauti, wallahi."

Na angeweza. Mkono wa Dulla ulikuwa mzuri. Nasra akainua uso, nikaona tumaini likipita humo. Hapo nikagundua kwamba wote wananitazama mimi, kwa sababu banda Mzee Chilumba alikuwa ameniachia mimi na neno la mwisho ni langu. Kumalizia kusugua, na kumpoteza dada. Au kuchonga bonde la uongo, na kumridhisha dada kwa siku chache.

Nikamtazama Bi Sachiko. Alikuwa amesimama, kofia mkononi. Halikuwa jambo lake na alijua hivyo. Lakini mimi nilizisikia zile mbao tulizozichapa kwa mnyororo.

"Dulla, mwanangu, hapana," nikasema. "Kosa la kuiga halina mtu ndani. Atakuwa anaweka kiwiko chake kwenye patasi yako."

"Sasa tufanye nini, mama?" Nasra akauliza.

Nikamwambia Bwana Seif aje upande wangu, na wote wawili wafumbe macho. Walinitii, mtu mwenye uchungu huwa anafurahi kuambiwa la kufanya. Nikachukua mkono wa kila mmoja, nikauanzisha kwenye upande wa zamani. Ilibaki nusu: duara la chungu lilikuwepo, mikato ilikuwepo, na ukingo wa lile bonde, kipande tu, ulikuwa umesalia pale mashine iliposimama. Mikono ikaenda, ikasimama, ikaenda. Kisha ikafika mpakani, ikashuka kwenye ulaini.

"Huku mama yenu alifika," nikasema. "Huku hakufika, na mimi siwezi kumfikisha. Nikiwatengenezea, nimewadanganya. Nikisugua kote, nimewaibia. Naomba niiache hivi. Nitaupunguza huu ukingo kwa mkono usinase kitambaa, nitaipaka mafuta ya kulinda mbao, sitaweka vanishi. Huku kutupu si kwa mama. Ni kwenu. Kutabaki kutupu mpaka nyie mfanye kitu."

Mkono wa Bwana Seif ulikuwa umesimama kwenye ukingo wa bonde. "Sikujua lilikuwa kubwa hivi," akasema.

Niliupunguza ule ukingo mwenyewe, kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kidole, kufuata nyuzi. Ilinichukua siku nzima na sikwenda Masasi hata mara moja. Bi Sachiko aliliacha gari lake liende, akakaa kwenye stuli akiangalia. Nilipomaliza nilimwambia aguse. Aligusa, akasimama mpakani, akasema kwa Kiswahili chake cha sahani, "Hapo ndipo alipobadilisha mguu."

Siku ya posa, Nasra alinisimulia baadaye, Bwana Seif alitandika kitambaa kizito juu ya meza yote. Lakini kikombe cha bibi mmoja wa upande wa bwana harusi kilikaa kimeinama, juu ya mpaka. Bibi akafunua kitambaa kuona kuna nini, akauliza, "Hii meza imepatwa na nini?" Seif akafungua mdomo aseme ni mafundi, na badala yake akaanza kumsimulia mama yake. Alisimulia mpaka chai ikapoa. Wale wazee wakasema wameridhika na nyumba hii.

Bi Sachiko alirudi kwao. Mzee Chilumba tulimzika, na leso yake ninayo. Dulla ndiye mwenye banda sasa. Wanasema mteja akileta samani ya zamani, yeye anamuuliza kwanza, "Kuna mtu humu?" Wateja wapya wanamwona hana akili sawasawa.

Juzi Nasra alikuja kunichukua nikale nao Temeke. Seif alinivutia kiti upande wake, nami kabla chakula hakijaletwa nikafumba macho, mazoea hayana dawa, nikapitisha kiganja. Kikasimama kwenye duara la mama yao. Kikasimama kwenye ukingo. Kikaingia ule upande wangu laini, nikajua sasa kitaanguka. Hakikuanguka. Kilisimama kwenye kitu kipya, kipana, kilichopinda, bado kina ukali kidogo pembeni.

Nikafumbua macho. Lilikuwa duara jeusi la sufuria, si zuri hata kidogo.

"Nani kafanya hivi?"

Nasra akacheka. Seif akajikohoza kama mtoto wa shule. "Nilikuwa napasha maharage. Nikapokea simu, nikaweka sufuria bila kuangalia."

"Ni dogo hili," nikamwambia. "Nikuletee msasa?"

Seif aliweka kiganja chake juu ya ile alama, akaifunika yote, kama mtu anavyofunika kikombe cha chai kisiingiwe na vumbi, na kwa mkono wa pili akanisogezea wali.